Jani la Porini na Ujuzi wa Jikoni

Mazungumzo ya leo yanahusu mimea ya porini inayoliwa na binadamu, yaani majani, matunda, mizizi na mbegu ambazo hakuna aliyezipanda wala kuzitilia mbolea, lakini ambazo kwa vizazi vingi zimekuwa zikiingia chunguni katika nyumba za vijijini. Mazungumzo haya yatakaa zaidi nchini Tanzania, kuanzia Ugogo hadi Usambara na kutoka Pwani hadi mikoa ya kusini, na pale itakapobidi yatavuka mpaka kidogo kwenda Kenya na Zambia.

Hoja yenyewe inafaa itajwe mapema, ili msikilizaji aifuate vizuri. Watu wengi wanaposikia habari za lishe ya mboga za porini hutarajia kuhesabiwa vitamini na madini yaliyomo ndani ya kila jani, kana kwamba jani likishachumwa kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba thamani ya lishe ya mmea wa porini haimo ndani ya jani peke yake, bali imo katika jani pamoja na namna linavyochumwa, linavyokaushwa, linavyopikwa na linavyochanganywa na vyakula vingine, na ujuzi huo wa jikoni, ambao mara nyingi umo vichwani mwa wanawake wazee, ndio unaopotea kwa kasi kuliko mimea yenyewe.

Swali la kwanza ni hili: mmea wa porini ni upi hasa? Msikilizaji wa mjini huenda akafikiri juu ya msitu mnene, mbali na makazi ya watu, lakini sehemu kubwa ya mboga zinazoitwa za porini haioti msituni hata kidogo. Mgagani, kwa mfano, ambao huko Kenya hujulikana pia kwa jina la sagaa, hupenda udongo wenye samadi, na kwa sababu hiyo huota kwa wingi kwenye maboma ya ng'ombe yaliyohamwa na kwenye mashamba yaliyo karibu na nyumba. Mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu, huota kandokando ya majalala na kwenye ardhi iliyofyekwa karibuni. Mchicha pori huota popote palipolimwa. Na mlenda huchipua katikati ya mistari ya mtama na uwele mara tu mvua za kwanza zinapoilainisha ardhi. Hii ni mimea iliyozoea kuishi na mkulima, ingawa mkulima hajawahi kuipanda.

Inafaa kuangalia kwa karibu jinsi palizi inavyokwenda. Mwanamke anayepalilia shamba la uwele hang'oi kila kitu kinachoota nje ya mstari, kwa maana jembe lake huupita mgagani ulio na majani manne au matano likauacha umesimama, likang'oa nyasi zilizouzunguka, kisha likaukata mche mwingine wa mgagani ambao umekwisha kutoa maua na majani yake yamekuwa machungu mno. Jua linapokuwa kali na kazi inapokoma, yale majani machanga yaliyochumwa njiani hufungwa kwenye pembe ya khanga, na hiyo ndiyo mboga ya jioni. Ofisa wa kilimo anayetoa ushauri wa dawa ya kuua magugu mara nyingi huhesabu vibarua watakaookolewa na dawa hiyo, lakini ni nadra kuhesabu mboga zitakazotoweka pamoja na magugu, ilhali kwa nyumba isiyo na fedha za kununua kabichi hasara hiyo ni ya kweli.

Jambo la pili linahusu majira ya mwaka, na hapa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, unatoa mfano ulio wazi. Nyanda hizo za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kumalizika Aprili, na nafaka huvunwa baada ya hapo. Msikilizaji na ajiulize: ni wakati gani ghala linakuwa tupu? Si wakati wa kiangazi, kwa sababu mavuno bado yapo, bali ni katikati ya mvua, mwezi wa Januari na Februari, ambapo nafaka ya mwaka uliopita imekwisha, ya mwaka huu bado ni majani, na kazi ya kulima na kupalilia inadai nguvu nyingi kuliko wakati wowote mwingine. Ni katika wiki hizo hizo ambapo mlenda, mgagani na mchicha pori huwa tele. Kwa maneno mengine, mboga za porini hufika pale hasa zinapohitajika, na ndiyo maana haitoshi kuzipima kwa wingi wa vitamini tu, kwani zinapaswa kupimwa pia kwa tarehe ya kufika kwake.

Na kiangazi je? Hapo ndipo Wagogo walipoonyesha ustadi mkubwa. Jina la mlenda hutumiwa kwa mimea kadhaa yenye ute, yaani utelezi unaofanana na wa bamia. Kuna mlenda ambao kwa wataalamu wa mimea ni wa jenasi ya Corchorus, na mojawapo ya aina zake ndiyo hiyohiyo inayolimwa Asia ya kusini kwa ajili ya nyuzi za kufumia magunia na inayopikwa Misri kwa jina la mulukhiya. Na kuna mlenda mwingine, ambao Wagogo huuita ilende, ulio wa jamii moja na ufuta. Majani haya huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa hadi yawe unga, kisha huhifadhiwa ili yaliwe miezi ambayo hakuna jani bichi linaloonekana. Unga huo wa rangi ya kijani iliyofifia huuzwa kwa vipimo katika masoko ya Dodoma mwaka mzima, na wasafiri wengi huubeba kuwapelekea ndugu zao walioko Dar es Salaam.

Mapishi yake ni ya haraka, lakini yana utaratibu. Maji huchemshwa, hutiwa magadi kidogo, yaani ile chumvichumvi ya asili inayookotwa kando ya maziwa ya magadi, kisha unga wa mlenda hunyunyizwa taratibu huku mpishi akipekecha kwa upekecho ili usifanye madonge. Ute unapoanza kuvutika, hutiwa karanga zilizosagwa na chumvi, na pengine nyanya, na baada ya dakika chache sufuria huteremshwa. Ugali wa uwele au wa mtama, ambao ni mkavu na huwa mgumu kumeza peke yake, hupata kitu cha kuuteremsha. Wapo wanaoudharau mlenda kwa sababu ya utelezi wake, jambo ambalo ni haki yao, lakini dharau hiyo haina uhusiano wowote na lishe.

Sasa katika mapishi hayo mafupi kuna mambo matatu ambayo sayansi ya lishe inayatambua, na yanafaa kuelezwa moja baada ya jingine, kwa kuwa yanahusu karibu mboga zote za porini.

La kwanza ni karanga. Majani ya kijani kibichi iliyokolea yana karotini, ambayo ni rangi ya asili ya njano au ya chungwa iliyofichwa na ukijani wa jani, na mwili wa binadamu huigeuza karotini hiyo kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Mtoto aliyepungukiwa nayo sana hushindwa kuona vizuri giza linapoingia. Lakini karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta, na mtu anayekula majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hunufaika na sehemu ndogo ya karotini iliyomo. Karanga za Mgogo, tui la nazi la mpishi wa Pwani na mawese ya mpishi wa Kigoma hufanya kazi moja, ambayo ni kuipatia karotini mafuta ya kuibeba, na mawese mekundu yenyewe yamejaa karotini. Hakuna bibi aliyefundishwa habari hizi shuleni, na pengine sababu yake ya kutia karanga ilikuwa ni ladha tu. Hata hivyo matokeo ni yaleyale. Inafaa jambo hili lirudiwe kwa ajili ya wanaofungulia redio sasa hivi: mboga ya majani bila mafuta kidogo ni mboga iliyopikwa nusu.

La pili ni ukaushaji. Karotini huharibiwa na mwanga wa jua, na vitamini C huharibika upesi zaidi, kwa hewa, kwa joto na kwa muda. Majani yaliyoanikwa juani siku kadhaa juu ya paa au mwamba hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hizo, ingawa madini kama chuma na chokaa, yaani kalisi inayojenga mifupa na meno, hubaki kwa sababu madini hayawezi kuunguzwa na jua. Majani yaliyokaushwa kivulini, mahali penye upepo, au ndani ya kaushio lililofunikwa, huhifadhi karotini nyingi zaidi. Hapa desturi inaweza kurekebishwa bila kuvunjwa: unga ni uleule na chungu ni kilekile, ila majani huhamishwa kutoka juani kwenda kivulini.

La tatu ni magadi, na hapa lazima isemwe wazi kwamba desturi ina gharama. Magadi hulainisha nyuzi za majani, huhifadhi rangi ya kijani, hupunguza uchungu na hufanya ute utoke vizuri, na kwa hiyo mpishi ana sababu za kuyapenda. Lakini magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Je, yaachwe? Kumwambia mtu wa Dodoma apike mlenda bila magadi ni kumwambia asile mlenda. Ushauri wenye maana zaidi ni kupunguza kipimo na kuhakikisha kwamba mlo huo huo una kitu kingine chenye vitamini C, iwe ni embe, pera, au ubuyu uliokorogwa katika maji.

Kwa nini vitamini C inasisitizwa namna hii? Sababu yake ni chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake wapatao 45 kati ya kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, hali ambayo husababishwa na mambo mengi, yakiwemo malaria na minyoo, lakini pia uhaba wa madini ya chuma katika chakula. Mboga za porini kama mgagani na mchicha zina chuma, ila chuma cha mimea si sawa na chuma cha nyama, kwani mwili hukipokea kwa shida na sehemu kubwa hupita bila kutumika. Vitamini C ikiwepo katika mlo huo huo, mwili hukipokea kwa urahisi zaidi. Chai, kwa upande wake, hufanya kinyume, kwa kuwa ina tanini, yaani kile kitu chenye ukakasi kinachokausha ulimi, ambacho hukifunga chuma na kukizuia kisiingie mwilini. Nyumba inayokula mgagani mchana na kuteremshia kikombe cha chai ya rangi papo hapo imejinyima sehemu ya kile ilichokipika. Ikingoja saa moja au mbili, hasara hupungua.

Baada ya Ugogo, mazungumzo yanaelekea Tanga. Katika milima ya Usambara, mtafiti wa anthropolojia Anne Fleuret alichunguza chakula cha Wasambaa wa Lushoto, na katika makala aliyoichapisha mwaka 1979 alionyesha kwamba majani ya porini hayakuwa chakula cha dharura, kama watu wa nje walivyodhani, bali yalikuwa sehemu ya kawaida ya kitoweo cha nyumbani. Mmoja wa mimea inayopendwa sana huko, na pia katika Pwani yote hadi kwa Wadigo na Wagiriama wa Kenya, ni mchunga, mmea mdogo wenye majani membamba na utomvu mweupe, ambao uchungu wake humshitua mgeni. Wenyeji huupunguza uchungu huo kwa njia mbalimbali: majani huchemshwa na maji yake kumwagwa, au huchanganywa na majani mengine yaliyo laini na yenye ute, kisha hutiwa tui la nazi. Kuchanganya majani ya aina tatu au nne katika sufuria moja ni desturi ya watu wengi wa Pwani, na ni desturi yenye busara kubwa, kwa sababu kila jani lina upungufu wake, na mpishi anayechanganya hupata kutoka katika jani moja kile asichokipata katika jingine.

Je, ni vizuri kumwaga maji ya kwanza? Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake si la neno moja. Mchicha pori una oksalati, yaani chumvi za asili zinazokamata chokaa na kuizuia isitumike mwilini, na kuchemsha na kumwaga maji huondoa sehemu ya oksalati hizo, kama kunavyoondoa sehemu ya vitu vichungu vilivyomo katika mnavu na mchunga. Lakini maji hayo hayo huondoka na vitamini C na folati, ambayo ni vitamini muhimu sana kwa mama mjamzito. Kwa hiyo majani machungu yachemshwe na maji yake yamwagwe. Majani matamu na machanga yapikwe kwa maji machache, yafunikwe, na yateremshwe upesi. Mpishi anayemwaga maji ya kila mboga kwa mazoea tu anatupa zaidi ya anavyookoa.

Kutoka kwenye majani inafaa sasa kutazama juu, kwenye mbuyu. Tunda lake hukaukia lenyewe ndani ya ganda lake, likiwa bado juu ya mti, na kwa hiyo unga mweupe unaozunguka mbegu huhifadhika kwa miezi mingi bila friji wala dawa. Unga huo una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, una chokaa pia, na mbegu zake zikikaangwa hutoa mafuta na protini. Majani yake machanga ni mboga. Hadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi huutegemea mbuyu kwa sehemu kubwa ya chakula chao, pamoja na mizizi inayochimbwa na wanawake kwa vijiti vilivyochongwa, matunda madogo ya vichaka, nyama na asali. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake kama chakula kipya. Kipya kwao, bila shaka.

Lakini hapa pia jiko ndilo lenye kauli ya mwisho. Ubuyu unaotiwa katika uji unaochemka hupoteza sehemu ya vitamini C yake, wakati ubuyu uleule ukitiwa baada ya uji kuteremshwa na kupoa kidogo huhifadhi zaidi. Na ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar na Mombasa, unaopikwa kwa sukari, rangi na iliki, na unaouzwa katika vifuko milangoni mwa shule, ni kitu kitamu sana ambacho hakuna sababu ya kumnyima mtoto siku moja moja, ila usihesabiwe kuwa ni tunda, kwa maana sukari iliyomo ni nyingi.

Ni vyema pia kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba kila kilicho kichachu kina vitamini C. Ukwaju ni mchachu kuliko ubuyu, na maji yake ni kinywaji kizuri wakati wa joto, lakini uchachu wake hutokana hasa na asidi ya tartari, na vitamini C iliyomo ni kidogo mno. Ulimi haupimi vitamini.

Katika misitu ya miombo, yaani ile misitu ya wazi inayofunika sehemu kubwa ya Tabora, Katavi na Ruvuma, kuna makusu, mbura, matonga na furu, na mengi kati ya matunda hayo huiva kuelekea mwanzo wa mvua. Walaji wakubwa ni watoto, hasa wachungaji wa ng'ombe na mbuzi, ambao hula huko huko machungani na kurudi nyumbani wakiwa na njaa ndogo kuliko walivyotarajiwa. Watafiti wanaomuuliza mama ni nini mtoto wake alikula jana huandika uji na ugali, na tunda la porini halionekani katika daftari, kwa sababu mama mwenyewe hakuliona.

Mizizi nayo ina mahali pake. Mikoa ya Lindi na Mtwara inajulikana kwa ming'oko, ambayo ni viazi vyembamba vya mmea unaotambaa, wa jamii moja na viazi vikuu, vinavyochimbwa wakati wa kiangazi na kuuzwa vikiwa vimechemshwa, hata katika vituo vya mabasi. Ming'oko haina vitamini nyingi. Kazi yake ni kutoa wanga, ambao huupa mwili nguvu. Lakini katika jamii hiyohiyo kuna viazi mwitu vyenye sumu, ambavyo sehemu za kusini hujulikana kwa jina la ndiga, na ambavyo haviliwi mpaka vikatwe vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa au yanayotiririka. Walioharakisha kwa sababu ya njaa walidhurika. Ujuzi wa aina hii ulipatikana kwa gharama kubwa, na haufai kubahatishwa na mtu aliyeusikia nusunusu redioni.

Na hapa ndipo inapojitokeza sababu ya dharau ambayo mimea hii imeipata. Ugogo ulipokumbwa na njaa kuu ya kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyoitwa Mtunya, ambayo ilikuja baada ya majeshi ya vita kuu ya kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha ukame ukafuata, watu walikula mizizi na majani ambayo wakati wa kawaida wasingeyagusa. Kumbukumbu za namna hiyo hukaa muda mrefu. Mtu aliyekula mzizi fulani akiwa amezika ndugu zake hatamani kuuona tena, na watoto wake hujifunza kuuita chakula cha njaa. Kosa lililofuata ni kuitia mimea yote katika kapu moja, hata mgagani na mlenda vikahesabiwa pamoja na vile vilivyoliwa kwa kukosa budi. Ilipokuja kabichi na sukuma wiki, mboga hizo zilibeba heshima ya bustani ya misheni na ya shule, ingawa kabichi jeupe lina karotini kidogo sana likilinganishwa na jani la mgagani.

Huko Kenya mwelekeo ulianza kugeuka mwishoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walichapisha kitabu kuhusu mimea ya asili inayoliwa nchini humo, kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango amefanya kazi ya miaka mingi juu ya mboga za asili za Kiafrika. Leo managu, terere (yaani mchicha) na sagaa vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Tanzania ilipata kitabu chake mwaka 2002, kilichoandikwa na Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs, na Arusha kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachohifadhi na kuboresha mbegu za mnavu, mgagani na mchicha.

Sifa zikizidi, hata hivyo, huzaa madhara yake, na tahadhari mbili zinafaa kutolewa. Ya kwanza ni ya afya. Mnanaha, ambao ni sumu kali, ni wa jamii moja na mnavu na huota kwenye majalala yaleyale, na kwa hiyo asiyeijua mimea hii achume pamoja na anayeijua. Matunda mabichi ya mnavu yasiliwe. Majani ya kandokando ya barabara kuu na mitaro ya maji machafu ya mjini yaachwe, hata yakiwa yamenona. Na anayeambiwa kwamba mchunga hutibu malaria au kisukari aule kama mboga, lakini dawa aifuate hospitali.

Tahadhari ya pili ni ya mimea yenyewe. Katika nyanda za juu za Kitulo, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huota okidi za ardhini, maua yanayovutia wageni, ambayo viazi vyake vidogo hutwangwa pamoja na karanga na kupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda. Zamani ulikuwa mlo wa watu wachache wa nyanda hizo na wa jirani zao, lakini mahitaji ya miji ya Zambia yalipokua, magunia ya viazi hivyo yalianza kuvushwa mpakani, na kila kiazi kinachong'olewa ni mmea mmoja uliokufa. Jani likichumwa, mmea huchipua tena, ila kiazi kikichimbwa hakuna kinachobaki. Kwa hiyo si kila chakula cha porini kinaweza kubeba soko, na wanaohimiza biashara ya mimea hii wanapaswa kutofautisha kati ya mlenda, ambao hutoa mbegu kwa maelfu kila mwaka, na okidi inayochukua miaka kukomaa.

Kwa wasikilizaji wanaotaka kuanza kupanda mboga hizi bustanini, mmea unaofaa zaidi ni mgagani. Mbegu hukusanywa maganda yanapoanza kuwa ya manjano, kabla hayajapasuka na kuzitawanya. Zisisiwe mara moja, kwa sababu mbegu mpya hulala na nyingi hukataa kuota. Zikiwekwa mahali pakavu kwa miezi kadhaa huamka vizuri zaidi. Zitiwe katika mistari, zifunikwe kwa udongo mwembamba sana wenye samadi iliyooza, na miche ikishikana ing'olewe mingine na kupikwa, maana miche michanga ndiyo mitamu zaidi. Uchumaji huanza baada ya wiki nne hadi sita hivi. Vichwa vya maua vikitokeza vikatwe kila vinapoonekana, ili nguvu ya mmea irudi kwenye majani, isipokuwa kwa miche michache iliyo pembeni ya bustani, ambayo huachwa itoe mbegu za mwaka ujao.